Brokoli Si Ndugu Yetu

Ukitaka kumharibia Bi Vichwa siku yake, nenda kwenye kibanda chake sokoni asubuhi na mapema umwulize kama ana koliflawa.

"Koliflawa?" atakuuliza, huku akikutazama kuanzia viatuni kwenda juu, polepole, mpaka ujione umevaa vibaya. "Ile kabichi iliyotunga usaha?"

Ukishafika hapo umekwisha, kwa sababu hatakuachia uende bila kukupitisha kwa maadui zake wote. Kabichi ya Kichina aliiita shuka, maana ni ndefu, nyeupe, na haina ladha. Kabichi ya zambarau alisema imepigwa na mumewe. Figili ni karoti iliyokata tamaa. Vile vikabichi vidogo vinavyouzwa kwa bei ya nyama kwenye maduka yenye viyoyozi aliviita njiti, watoto waliotoka tumboni kabla ya wakati, na akashangaa watu wazima wanaokaa mezani kula watoto. Sukuma aliivumilia kama unavyomvumilia binamu asiye na kazi: ipo, inajaza sufuria, inatosha. Lakini brokoli hakuipa hata heshima ya kuitwa mboga. Aliiita kile kichaka.

Jina la Bi Vichwa alipewa na wenzake wa sokoni kwa sababu ya vichwa vya kabichi alivyovipanga mezani kwa safu na, wakishahakikisha yuko mbali, kwa sababu ya kichwa chake mwenyewe, kilichokuwa kigumu kuliko vyote alivyouza. Hata hivyo, tumpe haki yake. Kabichi yake ilikuwa kabichi. Ilikuwa bapa kwa juu, nzito, ukiigonga inaitika kama mlango, na kwenye mshipa wa kila jani palikuwa na wekundu kidogo kama wa shavu la mtoto aliyetoka kukimbia. Ukiikata, kisu kilisema. Hakukuwa na nyingine kama hiyo sokoni, kwa kuwa wengine wote walinunua mbegu za dukani, zenye picha nzuri kwenye kopo, na Bi Vichwa aliwacheka kwa hilo pia. Mbegu yake aliirithi kwa mama yake. Mama hakumwachia nyumba wala ng'ombe wala pete. Alimwachia kopo la mbegu na maelekezo, basi, na mwanamke huyu mwenye maneno ya kumkata kila mtu hakuwahi kusema neno moja baya juu ya urithi huo.

Maelekezo yenyewe yalikuwa hivi. Kila msimu unachagua kabichi chache zilizo bora kuliko zote, na hizo huziuzi hata akija nani. Unaziacha shambani zipigwe na baridi. Halafu unachukua kisu unaichanja kila moja utosini, mkato wa msalaba, ili bua lipate pa kutokea, maana kabichi iliyofunga vizuri haiwezi kujifungua yenyewe. Bua linapanda, linampita mtu kimo, linatoa maua ya njano. Na maua yakishafunguka, mama alisisitiza, hakikisha hakuna sukuma yenye maua mahali popote karibu. Sukuma na kabichi ni ndugu, nyuki anatoka huku anaingia kule, na mbegu utakayoipata haitakuwa ya huyu wala ya yule.

Bi Vichwa alilishika hilo kama sheria. Kila kabichi zake zilipochanua alijitoma kwenye nyua za majirani na kisu mkononi, akikata kila bua la sukuma lenye dalili ya njano. Aliyeumia zaidi alikuwa fundi cherehani wa nyumba ya pili, mtu mpole mwenye sindano tatu kifuani siku zote, aliyekuwa na mistari miwili ya sukuma nyuma ya choo.

"Jirani, siku hizi hatubishi hodi?" fundi alimwuliza mara moja.

"Nimebisha. Sukuma yako imenikaribisha."

Uwanja wake ulikuwa nyuma ya nyumba, na kwenye vyumba viwili vya uani aliishi mwanawe wa pekee, dereva wa lori, ambaye hasa aliishi barabarani. Mwaka ule dereva alileta mke. Mke alikuwa mpishi wa jiko la hospitali, mwanamke wa maneno machache, mwenye mikono iliyojaa alama za moto. Bi Vichwa alisalimiwa, akaitikia, akauliza binti anafanya kazi gani, akajibiwa.

"Ahaa," alisema. "Unawapikia watu wasioweza kukataa."

Tangu siku hiyo hakumwita mwanangu, wala mkwe, wala jina alilopewa na wazazi wake. Alimwita "we mpishi", na kwa watu "yule mpishi". Binti akamwita "mama" kila siku, na kila siku hakikurudi kitu.

Huyu mpishi ndiye aliyekileta kichaka. Alitoka nacho kwa mwenzake wa kazini, miche michache ya brokoli kwenye pakiti za maziwa zilizokatwa, akaomba pembe moja karibu na tangi la maji. Bi Vichwa alimpa pembe hiyo kwa sababu hapakuota kitu. Paliota. Brokoli ilinawiri kwa ufidhuli kabisa, ikafunga vichwa vya kijani vilivyojaa shanga, mpishi akavikata, akavipika, akamletea mama mkwe sahani.

Bi Vichwa aliisukuma sahani kwa ncha ya kidole. "Mimi si panzi," alisema.

Mpishi alikula mwenyewe. Lakini alikuwa mtu mmoja, na kazi ya zamu, na brokoli ukiikata kichwa kikubwa inatoa vidogo ubavuni, huku na huku, bila kuchoka. Vingine vikampita. Vikarefuka, shanga zikalegea, na asubuhi moja pembe ya tangi ikawa na njano. Ndiyo asubuhi ileile Bi Vichwa alikuwa akirudi kutoka uwanja wa fundi na kwapa limejaa maua ya sukuma aliyoyakata, roho kwatu, kabichi za mama yake zimechanua katikati ya uwanja na nyuki wanavuma.

Mpishi alikuwa amesimama kwenye pembe yake na kisu.

"Mama, na hizi zangu zimetoa maua. Nizikate?"

"Zako zipi?"

"Brokoli."

"Nimekuuliza habari za hicho kichaka?"

"Hapana, mama. Ila nimeona maua yanafanana na ya kabichi. Njano hiyohiyo, petali nne nne, zimekaa msalaba..."

Bi Vichwa alicheka mpaka maua ya sukuma yakamponyoka kwapani. "Yanafanana! Mimi na wewe tuna pua moja moja, basi tumekuwa ndugu? Kabichi ya mama yangu haina undugu na mti wa kuchezea panya. Kiache kichanue, kikitaka kifanye na harusi. Na usiniletee tena habari za hicho kitu."

"Sawa, mama," mpishi alisema, akakiweka kisu juu ya tangi.

Msomaji, hiyo "sawa, mama" ishike vizuri, tutaihitaji.

Maganda yalikauka, Bi Vichwa akayapura juu ya kanga, akapepeta, akapata kopo zima la mbegu nyeusi zinazong'aa. Kisha alifanya alichokifanya kila akipata mbegu mpya: alichukua mabaki ya mbegu ya zamani akawamwagia kuku. Mama yake hakumfundisha hilo. Hilo lilikuwa lake mwenyewe. Kuweka mbegu kuukuu, alisema, ni tabia ya watu wasiojiamini. Kuku walikula hadi punje ya mwisho na kufuta midomo yao mchangani.

Akasia kitalu kipya. Na kwa kuwa tuta lilihitajika, akamgeukia mpishi, ambaye ndiyo kwanza ametoka kazini.

"Vile visiki vya kabichi za msimu uliopita, ving'oe vyote utupe."

"Vinachipua, mama. Vimetoa vichwa vidogo vidogo ubavuni."

"Vichwa vidogo ni vya watu wadogo. Tupa."

"Sawa, mama."

Miche ilihamishiwa kwenye tuta na ikakua haraka, na mwanzoni Bi Vichwa alijisifu kwa haraka hiyo. Halafu ikaendelea kukua. Ilirefuka shingo. Majani yakawa ya rangi ya jivu, makubwa, yamening'inia nje kama masikio, na hayakuonyesha nia yoyote ya kukunjana. Kabichi ikifika umri fulani huanza kujikumbatia, na hizi hazikutaka kujikumbatia. Bi Vichwa aliilaumu mvua. Alipomaliza na mvua aliilaumu mbolea, kisha mwuza mbolea, kisha ng'ombe wa mwuza mbolea. Sokoni safu za mezani zilipungua, wateja wakauliza, naye akawajibu kwamba kabichi ya maana haikimbizwi kama kuku. Lakini jioni alikuwa akipita kwenye tuta akiyapapasa majani yale kwa vidole, moja moja, akitafuta lile moja linaloanza kupinda kwa ndani.

Siku moja fundi cherehani alipita, akatupa jicho juu ya ua, na kwa nia njema kabisa akasema, "Jirani, sukuma yako imependeza mwaka huu."

Sukuma!

Bi Vichwa alimfuata. Aliingia kibandani kwa fundi, ambako mteja mmoja alikuwa amesimama mikono juu na futi kiunoni, na hapo mbele ya mteja akamwaga yote. Kwamba fundi ni mnafiki. Kwamba ule upole wake ni wa kupaka rangi. Kwamba alificha sukuma yenye maua kwa makusudi, kwa kinyongo, ili amwue marehemu mama wa Bi Vichwa mara ya pili. Kisha akapita moja kwa moja hadi nyuma, akakagua nyuma ya choo, chini ya mabati, ndani ya pipa, na aliporudi akafunua hata kikapu cha vitambaa. Mteja wa watu bado alikuwa ameinua mikono.

"Uliikata yote wewe mwenyewe," fundi alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Ulinimalizia mboga. Mwezi mzima nyumba hii imeshushia ugali kwa maneno yako. Hebu nipishe, nina kazi."

Bi Vichwa alirudi nyumbani hajui aanzie wapi. Akachukua kisu, akaenda kwenye tuta, akachagua mche mnene kuliko yote, ule aliokuwa bado anautegemea, akaukata shingo na kuupasua katikati.

Katikati, pale ambapo palitakiwa pawe na jani dogo jeupe limelala juu ya jani dogo jeupe, palikuwa na fundo la shanga za kijani.

Alizijua. Alikuwa ameziona mara moja tu, kwenye sahani, kabla ya kuisukuma kwa kidole. Akapasua mche mwingine. Shanga. Akapasua wa tatu, huo haukuwa na kitu ndani, majani matupu yasiyo na mpango. Alikuwa amepiga magoti katikati ya uchafu huo mkwe wake alipoingia getini, mkoba begani, kofia nyeupe ya kazi ikichungulia mkobani.

Mpishi alitazama kilichokuwa mkononi mwa mama mkwe. Akajua palepale.

"Hiyo ni brokoli, mama."

"Brokoli haina undugu na kabichi." Lakini safari hii aliisema taratibu, kama mtu anayejaribu mlango alioufunga mwenyewe.

"Inao. Kabichi, brokoli, koliflawa, sukuma, vile vidogo unavyoviita njiti, wote tumbo moja. Mmoja kaota majani, mwingine kafunga kichwa, mwingine kafunga maua. Kule jikoni nakata zote kila siku. Ukikata kikonyo tu, harufu ni moja, huwezi kujua ni ya nani."

"Ulijua?"

Mpishi aliushusha mkoba chini. "Nilihisi. Nilikuuliza siku ile, na kisu nilikuwa nacho mkononi. Ukanicheka."

"Ungeniambia tena!"

"Kwa nini?" alisema yule binti wa maneno machache. "Mwaka mzima naongea na ukuta, mama. Nilikuuliza mara moja nikachoka. Nilikiweka kisu chini, nikasema na aone. Sikudhani ungewapa kuku ile mbegu nyingine. Hilo linaniuma mpaka leo. Lakini kisu nilikiweka kwa kutaka."

Bi Vichwa alitafuta tusi. Alikuwa na matusi ya kila aina, ya mboga na ya watu, ya kuchemsha na ya kukaanga, na siku hiyo hakulipata hata moja. Aliketi palepale chini akalia, kwa sauti, kamasi zinamtoka, kilemba kimekwenda upande. Alilia kwa ajili ya mama yake. Miaka yote hiyo kila alipochanja msalaba utosini mwa kabichi aliuona mkono wa mama ukiongoza wake, na sasa hakukuwa na cha kuchanja. Alichoachiwa kilikuwa kimoja tu duniani, na amekipoteza kwa sababu kulikuwa na mmea aliouona duni mno hata kuukata. Hakuna aliyemwibia. Hilo ndilo lililomchoma zaidi, maana angependa sana awepo mtu wa kumlaumu.

Mpishi alimwacha alie. Halafu akamshika kiwiko.

"Inuka, mama. Njoo nyuma ya jikoni."

Nyuma ya jiko la uani, pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagika, palikuwa na visiki vya kabichi vilivyopandwa upya kwa safu. Vingi vilikuwa vitupu, vimekatwakatwa. Vichache vya mwisho vilikuwa bado na vichwa vidogo ubavuni, kila kimoja cha kutosha kiganja, vigumu, bapa kwa juu, na kwenye mishipa ya majani kulikuwa na wekundu kidogo.

Bi Vichwa aliinama. Akakigonga kimoja kwa ukucha. Kikaitika.

"Nilikwambia utupe," alisema, na hakuna mtu aliyewahi kushukuru kwa sauti kali namna hiyo.

"Uliniambia."

"Mbona hivi vingine ni vitupu?"

"Tumevila."

"Nani kavila?"

"Mimi. Mwanao akirudi safari. Na wewe, Jumapili ile uliyoomba uongezewe, ukaniuliza kabichi tamu namna hii nimeinunua kwa nani."

Bi Vichwa alifumba macho. Alikuwa amemla mama yake, tena kwa kuongezewa.

"Usivipike hivi vilivyobaki," alisema. "Naomba."

"Sivipiki. Tutaviacha baridi ivipate, vitatoa mabua. Ila kuna jambo moja." Mpishi alielekeza kidevu chake kwenye pembe ya tangi, ambako kizazi kipya cha brokoli kilikuwa kimeanza kuinua vichwa bila aibu. "Zile zangu sing'oi. Nazipenda."

"Zitatuharibia tena!"

"Zikichanua. Lakini brokoli unayoiona ndiyo maua yenyewe, mama, hayajafunguka tu. Ikiliwa mapema, haichanui. Iliyotuharibia ni ile iliyokosa mlaji. Na peke yangu siimalizi, mwaka jana uliona."

Bi Vichwa alimtazama mkwe wake kuanzia viatuni kwenda juu, polepole, kama alivyozoea. Ila alipofika usoni alikaa hapo.

Kesho yake aliing'oa mimea yote ya tuta, akafunga mzigo mkubwa wa majani, akambebea fundi cherehani. Hakusema samahani, kinywa chake hakijazoea kuikunja hiyo. Alisema, "Uliita sukuma, haya, kale sukuma," na alipofika mlangoni aligeuka akabisha hodi, kwa kuchelewa, kwenye mwimo. Fundi akamwambia karibu.

Na msimu ule, visiki vilipochanua nyuma ya jikoni na nyuki wakaanza kuvuma, Bi Vichwa aliketi kila jioni kwenye meza ya uani kutimiza wajibu wake. Jioni ya kwanza alikitazama kichaka kilichokuwa kwenye sahani kwa muda mrefu. Akakichoma na uma kama mtu anayehakikisha kimekufa. Akatafuna. Mkwe wake alisubiri.

"Haina chumvi," alisema Bi Vichwa.

Mkwe akamsogezea chumvi. Bi Vichwa akanyunyiza, akala, akakwangua sahani, akaisukuma mbele kwa ncha ya kidole.

"Kwenye sufuria kimebaki?"

"Kidogo, mama."

"Kilete chote, mwanangu. Kisije kikachanua humo."